Injini ya Kaijage na Gauni la Jeneroza

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu hapa Bilele, Bukoba, kuchukua suruali yake ananiuliza swali lile lile: "Fundi, ni kweli mlitumia siku mbili kufika Bumbire?" Nikianza kueleza, anaingia mwingine, naanza upya, na suruali za watu zinabaki bila kupindwa. Nimeamua kuandika yote mara moja. Atakayeuliza nitampa karatasi hizi asome pale kwenye benchi, nami niendelee na cherehani.

Habari za maandalizi naziruka. Mjue tu kwamba Jeneroza, binti wa baba yangu mdogo Ta Vedasto, alikuwa anaolewa Jumamosi kisiwani Bumbire, na gauni lake nililishona mimi. Mjue pia kwamba shangazi yetu, Ma Leokadia wa Nshambya, alitakiwa awe amefika kabla ya Ijumaa kuisha. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kwao mpaka shangazi akae naye faraghani amwambie yanayopaswa kusemwa. Padre anaweza kuchelewa na wapiga ngoma wanaweza kulewa, lakini shangazi akikosekana hakuna kinachoendelea.

Shangazi hapandi basi. Kabla ya kufika Kyetema anakuwa ameshamaliza mifuko yake ya kutapikia na ya jirani yake. Ndiyo maana tulipanga kwenda kwa maji kutoka Bukoba moja kwa moja. Kaijage, niliyesoma naye shule ya msingi, ana boti ya mbao na injini, na aliniambia, "Saa tatu tu, Projesti. Mtakula chakula cha mchana kisiwani." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Bukoba hadi Kemondo

Injini ya Kaijage ni ya zamani mno. Rangi imebanduka hadi jina la walioitengeneza halisomeki. Mwenyewe anaiita Mzee, na akianza kuizungumzia huwezi kujua kama anasema injini au baba mkwe. "Mzee ameamkaje?" aliuliza asubuhi ile akiipapasa, kisha akavuta kamba mara nne, na Mzee akaamka kwa moshi mwingi.

Shangazi aliketi mbele, boya limefungwa juu ya gauni lake la kanisani, mwavuli mkononi, uso ukitazama kusini kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa gauni. Nililitia kwenye mifuko mitatu, nikalifungia ndani ya sanduku, na mahali pekee palipokuwa pakavu palikuwa nyuma, karibu na tangi la petroli. Tangi lenyewe ni la plastiki nyekundu, na juu ya kifuniko chake kuna kaskrubu kadogo. Nilikakuta kamelegea na harufu ya petroli inatoka hapo hapo. Nguo nyeupe inanyonya harufu kuliko unavyofikiri. Nikakakaza barabara, nikafunika tangi lote kwa turubai, nikaweka sanduku pembeni. Sikumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba amekaza skrubu?

Tulikwenda vizuri kwa kama robo saa. Mji ulikuwa bado unaonekana nyuma yetu pale Mzee alipoanza kushuka sauti. Kaijage akamwongezea mafuta. Mzee akashuka zaidi. Akapunguza, Mzee akapata nafuu. Akaongeza tena, Mzee akakohoa, akatetemeka, akanyamaza. Ukimruhusu atembee alitembea, ukimtaka akimbie alikataa.

"Plagi," alisema Kaijage bila shaka yoyote.

Kwanza alifungua kifuniko cha tangi kuhakikisha mafuta yapo. Yalikuwepo. Akalifunga, akachomoa plagi, akaomba kitambaa changu cha mfukoni, akazisugua mpaka kitambaa kikawa cheusi na plagi zikabaki vile vile. Akavuta kamba. Mzee akaruka kama kijana.

"Nilikwambia nini? Plagi!"

Baada ya robo saa Mzee akazima tena. Safari hii Kaijage alisema ni maji kwenye petroli. Akafungua tangi, akachota mafuta kwa chupa, akayainua juani, akayatazama muda mrefu, akatikisa kichwa. Sikuona maji yoyote, lakini sikutaka kubishana naye. Akafunga, akavuta kamba, na Mzee akaenda tena vizuri kabisa. Mara ya tatu ilikuwa uchafu uliokaa chini ya tangi. Mara ya nne ilikuwa petroli yenyewe, eti ya siku hizi ni nyepesi. Kila alichokifanya kilifaulu kwa robo saa, ndiyo maana hatukuweza kumkatalia.

Mara ya tano Shangazi aligeuka.

"Projesti, turudi."

"Shangazi, tumeshapita nusu ya njia ya Kemondo. Tutatengenezea huko."

"Nusu iliyobaki nayo ni ndefu. Mungu anasema na sisi."

"Mungu angesema na sisi kwa Kihaya, waitu," alisema Kaijage akiwa amechutama juu ya plagi. "Hiki ni kikohozi tu."

Shangazi hakucheka. Tulipiga makasia kipande cha mwisho, na tukaingia Kemondo saa tisa alasiri. Wakati huo tulitakiwa tuwe kisiwani tumeshakula na kulala usingizi wa mchana.

Kemondo

Kwenye mwalo wa wavuvi, injini iliyofunguliwa huvuta watu kuliko msiba. Kabla Kaijage hajashusha kasia, watu sita walikuwa wameshazunguka boti, kila mmoja na jibu lake. Mmoja alisema propela imelegea kwenye mpira wake wa ndani, ndiyo maana nguvu inapotea. Mwingine akasema hapana, Mzee anachemka. Wa tatu aliuliza kama Kaijage ana ugomvi na mtu.

Njaa ilituondoa pale. Tulikwenda kwa mama mmoja anayepika chini ya mabati, tukapewa sato mzima kila mmoja na ndizi zilizopikwa na nyanya chungu. Shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajala kitu kwa hasira, alimtazama yule sato, akamla, akaomba mwingine. Mimi nilikuwa bado nanawa mikono, naye akaniita kwa sauti ya kanisani:

"Fundi! Njoo ule, chakula kinapoa!"

Mnajua Shangazi huniita Fundi mbele za watu tangu nilipomshonea vazi la kwanza. Lakini pale palikuwa mwaloni, na mwaloni fundi ni wa aina moja tu. Kabla sijamaliza nusu ya samaki, mwanaume mmoja alisimama mbele yangu amekumbatia mashine ya kuvuta maji kama amembeba mgonjwa.

"Shikamoo fundi. Samahani, waitu. Nimesikia upo. Hii inawaka, halafu inakata."

"Ndugu yangu, mimi ni fundi wa—"

Alikuwa ameshaiweka mezani na kufungua mfuniko. Niliona nyaya na chuma. Nifanyeje? Nilikunja uso vile nilivyomwona Kaijage anakunja tangu asubuhi.

"Aliyeishika mwisho alikuambia nini?"

"Alisema inahitaji kusafishwa."

"Basi ndiyo hiyo hiyo," nilisema.

Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka, akarudi na maparachichi mawili. Shangazi alikuwa anatafuna polepole akinitazama.

"Sasa wewe unasafisha mashine?"

"Nimetoa ushauri, Shangazi."

Fundi wa kweli alipatikana jioni. Alifungua kabureta, akaitandaza juu ya gunia kama vyombo vya kahawa, akapuliza kila tundu kwa mdomo, akafunga. Kaijage naye akafungua tangi kwa mara ya kumi kuongeza mafuta. Wakafunga boti kwenye nguzo, wakamwasha Mzee, wakampa mafuta mpaka mwisho. Nguzo ilitikisika. Dakika tano nzima Mzee alinguruma bila kuyumba, watu wakapiga makofi, na Kaijage akafuta jicho ambalo alisema limeingia moshi.

Tukalala kwa binamu yake Kaijage tukiwa na furaha kubwa. Dakika tano, na sisi tulihitaji robo saa! Lakini hilo hakuna aliyelihesabu.

Kemondo hadi mwalo nisioujua jina

Ijumaa tuliondoka mapema. Mzee alitupeleka vizuri mpaka tukaacha kuongelea injini, tukaanza kuongelea harusi. Hapo ndipo akashuka tena.

Safari hii Kaijage aliona jambo jipya. Kwenye mpira unaopeleka mafuta kutoka tangini hadi kwenye injini kuna kitu cha kuminya kwa mkono, wenyewe wanakiita yai. Kwa kawaida ni gumu. Lile letu lilikuwa limenywea kama tunda lililokaushwa. Akaliminya, Mzee akapata nguvu kidogo. Akaliachia, Mzee akalegea.

"Nimempata!" alipiga kelele. "Yai! Projesti, shika hapa, minya, usiache."

Nikakaa nikiminya kama ninakamua ng'ombe. Kila nikiminya tulisogea, nikipumzika tulisimama. Mkono wa kulia ulipochoka nikahamia wa kushoto. Mwisho yai likabaki limebonyea, halirudi hata kwa kulibembeleza. Tukapiga makasia mpaka nchi kavu, upande wa Muleba, kwenye mwalo mdogo wenye dagaa walioanikwa na mtini mmoja. Niliuliza jina la mahali pale mara mbili nikajibiwa majina mawili.

"Yai limekufa," alisema Kaijage. Akalichomoa akanipa. "Chukua bodaboda nenda Muleba mjini utafute kama hili. Mimi siwezi kumwacha Mzee peke yake."

Nikamgeukia Shangazi kumuaga. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameshafungasha mkoba wake na kuvua boya.

"Ukirudi," alisema, "unitafutie njia ya kurudi Nshambya. Hata kwa basi."

Shangazi akitaja basi, mambo yamekuwa makubwa. Nikaketi kando yake.

"Na Jeneroza?"

"Jeneroza ana baba."

Hapo lazima niwaeleze jambo ambalo ukoo wote tunalijua na hatulitaji. Bibi yetu alipofariki, mwanawe Ta Vedasto aliitwa kutoka kisiwani. Alifika siku tatu baada ya maziko. Shangazi, dada yake mkubwa, alisimama mlangoni mbele ya waombolezaji wote akamwambia kwamba mtoto anayeshindwa kumzika mama yake asimwite dada. Miaka tisa ilikuwa imepita. Hawakuwa wamesalimiana tena, si kwa mdomo wala kwa simu. Mwaliko wa harusi uliletwa na Jeneroza mwenyewe, aliyepiga magoti Nshambya kutwa nzima mpaka Shangazi akakubali, na kwa sharti moja: "Nakuja kwako. Kwa baba yako siji."

"Nilikubali kwa sababu ya yule mtoto," Shangazi alisema sasa, akitazama maji. "Lakini tangu jana kila kitu kinanirudisha. Mtu akisukumwa hivi, aelewe."

"Shangazi, kinachokurudisha ni kipande cha mpira. Kipo hapa mkononi mwangu."

Alikitazama.

"Nenda," alisema. "Na kama kuna senene, niletee."

Muleba mjini na kurudi

Kijana wa bodaboda aliniuliza ninatafuta nini. Nikasema, "Yai la mpira." Alinifikisha sokoni, mbele ya mama mwenye trei za mayai, akasema, "Huyu anataka ya mpira." Yule mama aliniuliza kama nimelala vizuri.

Nikatoa lile yai nikamwonyesha kijana. "Kama hili. La kuminya."

"Aaa! Ungesema mapema."

Akanipeleka kwenye duka la dawa.

Nilipoingia nilikuwa nimechoka hata sikusoma kibao. Dada aliyevaa koti jeupe alilipokea yai, akaligeuza.

"Hili limekwisha kabisa. Ni la nani?"

"La Mzee."

"Pole. Mzee yuko wapi?"

"Nimemwacha ziwani."

Alinitazama kwa huruma. "Anasumbuliwa na nini hasa?"

Nilifurahi kupata mtu anayeuliza maswali ya maana. "Akiwa ametulia hana shida. Akitembea polepole, hana shida. Ila akianza kukimbia anaishiwa nguvu, anatetemeka, anazima."

"Anakimbia kwenda wapi, katika hali hiyo?"

"Bumbire."

Dada akaweka kalamu chini. "Kaka, ana umri gani?"

"Hatujui. Alikuwepo kabla Kaijage hajamchukua."

"Na anakunywa?"

"Sana! Hasa akikimbia."

"Anakunywa nini?"

"Petroli," nilisema.

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye benchi alifanya ishara ya msalaba. Ndipo nikainua macho nikaona picha ya moyo wa binadamu ukutani, na juu ya kaunta kifaa cha kupimia presha, chenye yai la kuminya linalofanana na letu kama pacha.

Nilipoeleza, yule dada alicheka mpaka akaegemea kabati, na ni yeye aliyetuma mtu anipeleke kwa muuza nyavu nyuma ya soko. Huko nikapata yai, limetumika, lakini gumu. Nikanunua na senene, kwa kuwa msimu ulikuwa umefika, wamekaangwa na kitunguu, bado wa moto. Kijana wa bodaboda alikula robo ya pakiti njiani akiendesha kwa mkono mmoja, nami nikafumba macho.

Saa nane nikawa nimerudi mwaloni. Shangazi hakuwa ameondoka. Sikuuliza kwa nini, nilimpa senene wake. Pembeni yake alikuwa ameketi mama mmoja mnene mwenye furushi la magunia matupu. Mama Eliza, alijitambulisha, mfanyabiashara wa dagaa, naye anaomba kuvuka nasi kwenda kisiwani. Walikuwa wameshazoeana. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mlutheri, na inaelekea mchana kutwa walikuwa wamebishana kuhusu nani anaimba vizuri.

"Huyu amenipa moyo," Shangazi alisema, akimnyooshea kidole Mama Eliza kana kwamba anamshtaki. "Tunakwenda. Lakini Mzee akizima tena, mimi nitaogelea kurudi."

Shangazi hajui kuogelea.

Kuvuka kwenda Bumbire

Yai jipya lilipachikwa. Kaijage akaongeza mafuta kutoka kwenye dumu, akafunga tangi, nami nikapanga turubai langu na sanduku langu kama siku zote. Mzee akawaka kwa mvuto wa kwanza. Tukatoka.

Mnaweza kuhesabu wenyewe. Robo saa.

Safari hii tulikuwa mbali na nchi kavu, upepo wa mchana umeanza, na mawimbi madogo yanapiga ubavuni tap, tap. Mzee akashuka sauti. Alipozima, Shangazi alitoa rozari. Mama Eliza, ambaye hakuwa na rozari, alianza wimbo wa tumaini. Shangazi akaongeza sauti, Mama Eliza naye akaongeza. Katikati yao Kaijage alikuwa amekaa juu ya ubao, mikono imening'inia.

"Plagi safi," alisema kama anayeota. "Kabureta safi. Yai jipya." Akalishika. Lilikuwa limenywea, ingawa ni jipya. "Projesti, Mzee anakufa."

Mama Eliza aliacha kuimba. Boti ilikuwa inayumba naye alitaka mahali pa kushikilia, akaweka mkono juu ya turubai langu, na mkono ukazama.

"Hii nini laini hapa chini?"

"Ni tangi," nilisema. "Si laini, ni gumu."

Alifunua turubai. Tangi jekundu lilikuwa limebonyea pande zote mbili, mashavu yameingia ndani kama ya mtu anayenyonya muwa. Tulilitazama sote. Mama Eliza akainama, akaweka sikio, akagusa kaskrubu kadogo, akakazungusha kidogo.

Fyuuuuu!

Lile tangi lilivuta pumzi. Sijui nisemeje vinginevyo. Lilivuta hewa kwa muda mrefu, mashavu yakatoka, na plastiki ikarudi mahali pake kwa mlio, po!

"Lilikuwa limezibwa," alisema Mama Eliza. "Mimi nauza na mafuta ya kula. Ukimimina kwenye dumu bila tundu la pili la hewa, yanagoma kutoka. Hii injini mlikuwa mnainyonyesha kwenye chupa iliyofungwa. Mkifungua tangi mnaipa hewa kidogo, ikiisha mnaanza kulaumu plagi." Akainua kichwa. "Nani amekaza hii?"

Ziwa ni kubwa, lakini boti ni ndogo. Huna pa kwenda.

"Harufu," nilisema. "Kwa ajili ya gauni."

Kaijage alinitazama kwa muda ambao sitausahau. Aliangalia kitambaa changu cheusi, akaangalia mikono yake iliyochubuka, akatazama upande wa Kemondo ambako kabureta isiyo na kosa ilikuwa imefunguliwa mbele ya umati.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Bukoba."

"Tangu Bukoba," alirudia taratibu.

Hakunitukana. Aligeuka akamwekea Mzee mkono juu, akamwomba msamaha kwa Kihaya, kwa heshima zote, kisha akavuta kamba. Mzee akaitika. Akampa mafuta nusu, Mzee akaenda. Akampa yote, na pua ya boti ikainuka, maji yakafunguka pande mbili, Mama Eliza akapiga kigelegele, nami nikalikumbatia sanduku. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita.

Nilimwendea Shangazi kumwomba radhi. Nilitegemea mwavuli kichwani. Alikuwa ameshika rozari bila kuihesabu.

"Siku mbili," alisema.

"Nisamehe, Shangazi."

"Kwa skrubu." Kisiwa kilikuwa kimeanza kuonekana, kijani juu na mawe chini. "Projesti, siku ile Vedasto alipofika kwenye msiba, unakumbuka alisema alichelewa kwa nini?"

Nilikumbuka. Wote tunakumbuka.

"Alisema injini," Shangazi alisema. "Nikamwambia mbele ya watu, injini gani inamchelewesha mtu siku tatu kumzika mama yake." Alifuta uso kwa upindo wa kitambaa chake, na sikujua kama ni maji ya ziwa. "Sikumuuliza hata aliharibikiwa wapi. Sikumuuliza alikula nini."

Nilimshikia mwavuli mpaka tukakaribia.

Bumbire

Walikuwa wametuona kwa mbali. Ufukwe mzima ulikuwa umejaa watu na ngoma ilikuwa inapigwa. Jeneroza alikuwa anarukaruka juu ya jiwe kwa namna isiyofaa kwa bibi harusi. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Ijumaa ilikuwa haijaisha.

Pale hakuna gati. Boti inasimama maji yakiwa yanafika kiunoni, na abiria hubebwa mgongoni na vijana hadi mchangani. Vijana wawili walikuwa wameshaanza kuja. Kisha wakasimama, kwa sababu mtu mwingine alikuwa amewapita. Ta Vedasto, baba wa bibi harusi, miaka sitini na zaidi, aliingia majini na suruali yake mpya bila kuikunja. Akaja mpaka ubavuni mwa boti, mbele ya Shangazi, akageuka akampa mgongo.

Ngoma ilinyamaza. Watu wote wa kisiwa wanaijua habari ile.

Shangazi alitazama ule mgongo.

"Nitakuvunja," alisema.

"Panda, dada," alisema Ta Vedasto bila kugeuka.

Alipanda, na boya lake, na mkoba wake, na mwavuli. Ta Vedasto alijikaza akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Kwenye ya tatu mguu ulikanyaga jiwe lenye utelezi, akayumba kushoto, Shangazi akamkaba shingo, akayumba kulia, na wote wawili wakaenda chini kwa mshindo uliorusha maji mpaka kwenye sanduku langu.

Nilishtuka. Nadhani wote tulishtuka. Kilichoibuka kwanza ni mwavuli. Kisha Shangazi, kitambaa kimemfunika macho, mikono bado imemkaba ndugu yake, akitema maji na kumfokea kwa Kihaya asimame haraka, mjinga mkubwa yeye, mama aliwahi kumwambia asibebe vitu vizito. Ta Vedasto alijaribu kusimama, akashindwa, kwa sababu alikuwa anacheka. Akajaribu tena, akaketi. Shangazi akaanza kumpiga bega, pigo moja, mawili, na kwenye la tatu naye akacheka, kicheko kilekile nilichokuwa nakisikia Nshambya nikiwa mtoto na ambacho nilikuwa nimeshakisahau.

Vijana walitaka kwenda kuwainua. Mama Eliza aliwashika mikono. Mimi nikaweka sanduku la gauni kichwani, nikashuka majini, nikapita kando yao polepole bila kuwatazama. Walikuwa wameketi ziwani, maji yanawafika kifuani, wanaongea kwa sauti ya chini, na hakuna aliyewaharakisha.